Talaka Iliyokuja kwa Posta

Bahasha ilifika shuleni siku ya Alhamisi, wakati wa mapumziko ya saa nne, na mwalimu mkuu aliileta mwenyewe mpaka mlangoni mwa darasa langu kwa sababu ilikuwa na stempu za nje. Ilikuwa nene, ya rangi ya kaki, na jina langu lilikuwa limepigwa taipu kamili, pamoja na lile la ubatizo ambalo mume wangu hakuwahi kuliandika kwenye barua zake. Ndani mlikuwa na kurasa tatu za lugha nisiyoijua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na muhuri mwekundu, mkubwa kama kisahani cha chai, na sahihi mbili.

Mume wangu alikuwa ameondoka miaka minne kabla ya hapo. Alikuwa fundi wa mitambo ya meli, akachaguliwa na serikali kwenda kusomea uhandisi katika mojawapo ya nchi za Ulaya zilizokuwa marafiki zetu wakati ule. Tulikuwa tumekaa kwenye ndoa mwaka mmoja na nusu tu, hatujajaliwa mtoto. Tulifungia ndoa kanisani kwetu kusini, tukaja Dar es Salaam, tukapanga chumba Kariakoo, nyuma ya mtaa wa Msimbazi, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uani kwa nyuma. Barua zake zilianza kwa kuja kila mwezi. Baadaye zikawa za Krismasi na Pasaka. Mwaka ule wa mwisho haikuja hata moja, isipokuwa bahasha nyingine nyembamba ya lugha hiyohiyo, ambayo niliiweka chini ya godoro nikidhani ni mambo ya chuo chake.

Kwa hiyo nilipouona muhuri niliamini nilichotaka kukiamini. Nikasema amehitimu.

Mwalimu mkuu naye aliugeuza ule ukurasa, akautazama kwa heshima. "Hongera, mwalimu," aliniambia. "Hiki ni cheti. Wenzetu vyeti vyao ni vya kurasa kurasa."

Nyumbani nilimwonyesha mwenye nyumba wetu, mama mtu mzima wa Kizaramo ambaye wapangaji wote tulimwita Bibi. Bibi alipiga vigelegele vya kuita mtaa. Mchele ulikuwa wa shida, lakini alikuwa na akiba yake ndani ya debe chini ya kitanda, akaitoa, akasema mume wa mpangaji wake hawezi kuwa injinia watu wakala ugali wa yanga, ule wa unga wa njano uliokuwa ukitolewa kwenye maduka ya ushirika. Jumapili tulikula pilau uani. Ile karatasi ilipita mkono kwa mkono. Balozi wa nyumba kumi, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu wa chama pale mtaani, aliishika kwa leso asiichafue. Wengine hawakuwa na leso. Ukurasa wa muhuri ulibaki na alama ya kidole cha mafuta.

Wiki mbili baadaye mwalimu mwenzangu aliniambia ana kaka yake aliyesoma nchi hiyohiyo, sasa ni mhandisi kwenye kiwanda cha nguo. Nilimpelekea karatasi anisomee alama alizopata mume wangu. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Akavuta kiti.

"Dada, nani alikuambia hiki ni cheti?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeona kina muhuri."

"Kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Si cheti cha shule. Hii ni mahakama. Mumeo alifungua kesi, na hapa wanasema ndoa imevunjwa." Akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kutoa kitu kizuri hata kama hana, "Wanasema hakuna ugomvi wa mali."

Nilitembea kwa miguu kutoka huko mpaka Kariakoo. Njia nzima sikuwaza talaka, niliwaza pilau. Niliwaza jinsi nitakavyomweleza Bibi kwamba mchele wake wa akiba ulipikiwa talaka yangu, na watu wakala wakanipongeza.

Bibi hakucheka wala hakulia. Alisema, "Kumbe," akaingia chumbani kwake. Alipotoka alinishika mkono, na mambo ya mchele hakuyataja tena mpaka alipokufa.

Miaka mitatu iliyofuata sitaieleza sana. Nilifundisha. Nilipanga foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga. Vita vya Kagera vilikuja, vikaisha. Kidogo kidogo nilizoea, mpaka ikawa siku nzima inapita sijamkumbuka.

Ndipo alipotokea fundi cherehani. Alikuwa mgane kutoka kwetu kusini, Mkristo kama mimi, ana mabinti wawili, na mmoja wao alikuwa darasani kwangu. Alishonea kwenye baraza ya duka karibu na soko. Alikuja shuleni kuuliza kwa nini binti yake hajui kujumlisha, nikamwambia anajua, ila anaona haya kusema. Wiki iliyofuata alinishonea mkono wa gauni uliochanika akakataa malipo. Tulienda hivyo mwaka mzima, kwa adabu, bila haraka. Siku moja aliniuliza kama ningependa wanawe waniite mama. Nilimjibu kwamba mmoja ananiita mwalimu tayari, si neno baya la kuanzia. Alicheka mpaka sindano ikamchoma.

Tulikwenda kwa msajili wa ndoa kuandikisha. Nilichukua karatasi yangu yenye muhuri. Msajili, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, aliitazama, akaigeuza juu chini, akanirudishia.

"Ndugu mwalimu, hii siwezi kuisoma."

"Ipo tafsiri. Mhandisi mmoja aliyesoma huko ameiandika."

"Naiona. Lakini hata ningeisoma, ni ya mahakama ya wenyewe. Kwenye daftari letu wewe ni mke wa mtu. Lazima mahakama yetu iitambue kwanza. Wakiitambua, njoo hata kesho, nitawafungisha."

Hata kesho! Tulitoka pale tumefurahi. Tulidhani kutambua ni kama kumtambua mtu njiani, unamtazama unasema, ndiye.

Karani wa mahakama alikuwa kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Alinieleza vizuri, sina la kumlaumu. Alisema sheria mpya ya ndoa inakubali talaka ya nje, mradi mmoja wa wanandoa awe ameishi kwenye nchi hiyo miaka miwili mfululizo kabla ya kufungua kesi. Kwa hiyo nilete vitu vitatu: tafsiri yenye kiapo, barua ya serikali inayoonyesha mume aliondoka lini, na hati kutoka baraza la usuluhishi la ndoa kwamba usuluhishi umeshindikana.

"Usuluhishi wa nini, ndugu karani? Ameshaniacha."

"Ndiyo utaratibu, mwalimu. Hakuna shauri la ndoa linaloingia hapa bila ile hati."

Tafsiri ilikuwa rahisi. Mhandisi alikula kiapo, ikagongwa muhuri. Barua ya serikali niliihangaikia miezi saba bila kuipata. Wizara iliyompeleka mume wangu masomoni ilikuwa inahamishia majalada Dodoma. Nikienda ofisi ya Dar, wananiambia jalada liko Dodoma. Nikiandika Dodoma, wananijibu majalada ya waliopelekwa masomoni bado yako Dar. Mara moja mhudumu mzee wa ofisi alinionea huruma, akanipeleka hadi chumba cha nyuma. Majalada yalikuwa yamefungwa kwa kamba za katani, yamerundikwa mpaka dirishani, tayari kwa safari. "Mumeo yumo humu," alisema, "au hayumo." Nilisimama nikiyatazama. Sikuwa na ruhusa ya kufungua hata kamba moja.

Kwenye baraza la usuluhishi walikuwepo wazee watano, wanaume wanne na mwanamke mmoja, wamekaa kwenye benchi ofisi ya kata. Mwenyekiti aliuliza, "Mume yuko wapi?"

"Ulaya, mzee."

"Anakuja lini?"

"Hajasema. Ameniacha."

Walitazamana. Mwenyekiti akasema, "Mwanangu, hatuwezi kumsuluhisha mtu na kiti. Mlete mume."

Niliwaeleza kwamba kama ningeweza kumleta mume nisingekuwa pale. Waliona ni neno la kijeuri, wakaahirisha. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu yule mama wa baraza alinifuata nje akaninong'oneza, "Mwanangu, subiri. Wanaume hurudi." Alidhani ananifariji.

Naye akarudi kweli.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa kwenye foleni ya sabuni tangu alfajiri, watu tumepanga mawe kushika nafasi, jirani yangu mmoja akaja mbio akinishangilia kwa mbali. "Toka kwenye foleni! Toka, sabuni imekuja nyumbani kwako!"

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kibao changu cha mbuzi, kile ninachokunia nazi. Alikuwa amenenepa, nywele zimeanza kurudi nyuma, amevaa koti zito ambalo hakuna mtu anayelivaa Dar es Salaam. Mbele yake sanduku lilikuwa wazi, na ndani ya sanduku, safu kwa safu, mlikuwa na sabuni. Sabuni za kunukia, za karatasi za rangi. Kila mpangaji alikuwa na yake mkononi. Bibi alikuwa na mbili, anazinusa.

"Mke wangu," alisema, akasimama.

"Uliniacha," nilimjibu.

Bibi aliacha kunusa sabuni.

"Ile ni karatasi tu," alisema. Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Kule bila kuoa hupati kibali cha kubaki kazini. Nilifanya kwa ajili ya kibali. Yule mwanamke mwenyewe tumeshaachana. Sisi tulifungia ndoa kanisani, mbele ya wazazi. Mahakama ya Wazungu itaivunjaje ndoa iliyofungwa kwetu?"

Nilimwomba aondoke kwenye kibao changu. Ni hilo tu lililonijia.

Hakulala kwangu. Sikumpa ufunguo, akaenda kukaa kwa kaka yake Ilala. Lakini tangu siku ile nilikuwa peke yangu. Watu wote walikuwa upande wake, na sikuweza kuwalaumu, maana walikuwa wameoga. Bibi alikuja chumbani kwangu jioni, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mwanangu, mwanamume amerudi kwa miguu yake. Amerudi na sabuni. Wewe unamfukuza kwa karatasi?"

"Bibi, karatasi ni yake."

"Basi ameiacha. Na wewe iache."

Sikuweza kumweleza. Nilikuwa nimeililia karatasi ile hadi macho yakakauka. Wakati ule, kama mtu angenijia akaniambia si kitu, ni karatasi tu, ningembusu miguu. Sasa nimeshaikubali, nimejenga maisha juu yake, ndipo kila mtu ananiambia si kitu. Na sikuwa na chuki naye, hilo ndilo lililokuwa gumu kueleweka. Ningemchukia wangenielewa. Mimi nilikuwa nimemaliza tu.

Baraza la usuluhishi lilifurahi mno. Walinunua soda. Mume aliketi, mke aliketi, kiti hakikuwa kitupu tena. Alikiri makosa mbele yao, akasema ujana na baridi vilimponza. Nilipoulizwa nilisema simtaki. Mwenyekiti akasema hilo ni hasira, na hasira hupoa, akatupangia tarehe baada ya miezi mitatu. Baada ya miezi mitatu akatupangia nyingine. Hati ya kushindwa hawakunipa, kwa sababu, kwa maoni yao, usuluhishi ulikuwa unakwenda vizuri.

Huku nyuma mume wangu alipata habari za fundi. Alimfuata pale kwenye baraza ya duka, mbele ya wateja, hakupiga kelele. Alimwambia, "Ndugu, huyu ni mke wangu kwa cheti. Nikikuona naye nitakushtaki kwa ugoni." Balozi naye alimshauri fundi ajihadhari. Fundi aliihamisha cherehani yake upande wa pili wa soko. Alinitumia ujumbe kwa binti yake, ndani ya daftari la hesabu: nitangoja. Neno moja. Niliweka alama ya vema pembeni kwa wino mwekundu, nikamrudishia mtoto daftari. Tangu hapo tukawa tunaonana kwa mbali tu, siku ya Jumapili, yeye kwenye mabenchi ya wanaume, mimi ya wanawake.

Karani mwenye kalamu tatu ndiye aliyenisaidia. Aliniambia sasa mume yupo nchini, tarehe ya kuondoka ataitaja mwenyewe, sihitaji tena barua ya Dodoma. Na kuhusu hati ya baraza alikuwa amemuuliza hakimu, akaambiwa kwa ombi la kutambua talaka iliyokwisha kutolewa haikuwa lazima. Miaka miwili nilikuwa nimehangaikia kitu kisicho cha lazima. Aliniomba radhi. Nilimwambia hamna shida. Ningemwambia nini?

Hakimu alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mwenye miwani, mpole. Sikuwa na wakili. Siku ya kusikilizwa nilivaa gauni langu la kitenge la kwenda kanisani, mume wangu alivaa lile koti. Bibi alikuja, akakaa nyuma na majirani wawili.

Hakimu alimuuliza mume kama talaka ile aliiomba yeye. Alikubali. Akamuuliza alikaa nchi ile muda gani kabla ya kuiomba.

"Miaka mitatu na kitu, mheshimiwa. Lakini nilikuwa mwanafunzi, mgeni. Sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda siku zote. Moyo wangu ulikuwa hapa."

Hakimu aliandika. Niliona mkono wake ukienda mpaka mwisho wa mstari, na nikajua ameandika hata lile neno la moyo.

Kisha akanigeukia. "Mama, kabla ya talaka hii, uliletewa taarifa yoyote ya kesi?"

Ningeweza kusema ndiyo, nililetewa, nikairidhia. Lakini nilikuwa nimeapa, na mimi ni mtu niliyewachapa watoto kwa kusema uongo. "Ilikuja bahasha, mheshimiwa. Ilikuwa ya lugha yao. Niliiweka chini ya godoro."

"Hukujua kilichoandikwa?"

"Sikujua."

"Kwa hiyo hukusikilizwa."

"Sikusikilizwa."

Alivua miwani, akaifuta, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. Ndipo nilipoogopa. Alieleza kwamba mahakama yetu haiwezi kukubali hivihivi hukumu iliyotolewa dhidi ya mtu ambaye hakupewa nafasi ya kujitetea, kwa lugha anayoielewa. Huo ni msingi wa haki. Alisema serikali yetu imetunga sheria ile ili wanawake wasiachwe ovyo na waume walioko mbali. "Mama, sheria inakulinda."

"Mheshimiwa, mimi siombi kulindwa. Naomba kuachwa."

Watu walicheka. Hata hakimu alitabasamu kidogo, akagonga meza. Mimi sikuwa nimesema kwa kuchekesha. Mume wangu hakucheka, aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwona kama mtu niliyewahi kumjua.

"Unaweza kufungua shauri jipya la talaka hapahapa," hakimu alisema. "Lakini kwa hilo, hati ya baraza la usuluhishi ni lazima."

"Wamekataa kunipa. Na nitaachikaje mara mbili, mheshimiwa?"

Alivaa miwani yake tena. Alisema hoja ni nzito pande zote mbili, ya muda wa kuishi kule na ya kutosikilizwa, atahitaji kuzipima, akapanga tarehe ya uamuzi.

Tarehe ile hakimu alikuwa kwenye semina. Tarehe ya pili hapakuwa na karatasi za kupigia taipu. Tarehe ya tatu nilimkuta karani amesimama nje ananingoja, nikajua. Hakimu alikuwa amehamishiwa Bukoba. Anayekuja itabidi alisome jalada upya, na pengine atuite tena wote. Nilimuuliza kama yule aliyehama aliandika lolote. Karani alitikisa kichwa. Alikuwa ameandika nusu ukurasa.

"Ilikuwa inaelekea wapi?"

"Mwalimu, siruhusiwi kusema."

"Nusu ukurasa tu. Niambie."

"Haikuwa imefika popote," alisema, na nadhani alisema kweli.

Hakimu mpya alikuja baada ya miezi minne. Kabla hajatuita, mume wangu aliugua.

Ilikuwa malaria, basi. Malaria ya kawaida ambayo sisi tuliobaki tulikuwa tunaiugua huku tunafua. Lakini mwili wake ulikuwa umeisahau kwa miaka tisa ya ugenini, nayo ilimpanda kichwani kwa siku nne. Kaka yake alinitumia mtu siku ya tatu. Nilikwenda hospitali. Hakunitambua. Alikuwa anazungumza ile lugha ya karatasi, haraka haraka, kama anabishana na mtu. Muuguzi aliniuliza anasema nini. Nilimwambia sijui. "Si mumeo?" aliuliza, akaenda zake bila kungoja jibu.

Alikufa asubuhi. Mchana wake wakaja dada zake na mawifi na wanawake wa kwetu, wakanichukua chumbani kwangu, wakanipeleka Ilala kwa kaka yake, wakanifunga kanga ya msiba, wakaniketisha kwenye mkeka, mahali pa mjane. Hakuna aliyeniuliza. Ningekataaje? Maiti iko ndani, mama yake mzazi yuko njiani anakuja na basi la kusini, mimi nisimame nitoe hoja ya kutosikilizwa? Nilikaa siku tatu. Watu waliniambia pole, nikapokea. Balozi alinipa pole. Wazee wa baraza la usuluhishi walikuja wote watano, na mwenyekiti alisema, "Angalau mlikuwa mnaelekea kupatana."

Siku ya pili fundi alikuja. Aliacha viatu mlangoni, akaja mpaka mkekani, akainama mbele yangu na kunipa mkono kama wenzake. "Pole kwa msiba," alisema.

"Ahsante," nilisema.

Alipotoka nilianza kulia, kwa sauti, na wanawake wakaridhika, wakasogea kunishika. Nilimlilia yule kijana aliyeondoka na shati jeupe miaka kumi na moja nyuma, na nilijililia mwenyewe, na kwa kweli sikujua kilio kinaishia wapi kwa mmoja na kuanzia wapi kwa mwingine.

Baada ya arobaini nilikwenda mahakamani. Karani alikuwa ameshasikia. Alinitolea kiti.

"Shauri limefungwa, mwalimu. Mjibu maombi akifa, hakuna cha kuendelea."

"Kwa hiyo ile talaka ilikuwa talaka au haikuwa?"

Alifikiri. Alikuwa kijana mwaminifu. "Haitajulikana," alisema. "Lakini huna shida tena. Sasa wewe ni mjane, huna kizuizi."

Nilimwomba basi anipe karatasi zangu. Akasema zimeshakuwa sehemu ya jalada, niandike barua ya kuziomba. Niliandika. Sikujibiwa, na sikuandika tena.

Tulifunga ndoa mwaka uliofuata, mimi na fundi, kwa msajili yuleyule mwenye sauti ya upole. Alitukumbuka, akauliza kama mahakama ilikwisha kuitambua ile karatasi ya nje. Nilimpa cheti cha kifo. Alikisoma pole pole, akakiweka mezani, akaanza kuandika kwenye daftari kubwa. Penye hali ya bwana arusi aliandika mgane. Penye hali ya bibi arusi akaandika mjane.

"Mimi niliachwa," nilimwambia. Sijui kwa nini nilisema. Fundi alinitazama.

Msajili aliinua kalamu. "Unao ushahidi?"

"Sina."

"Basi tusiharibu daftari, ndugu mwalimu," alisema, akakausha wino kwa karatasi ya kunyonya, akanisogezea mahali pa kutia sahihi.